Seli Iliyoambukizwa Bado Inakula: Mwongozo wa Kufuatilia Nitrojeni Virusi Vinapovamia Sayanobakteria

Ukichukua chupa ya sayanobakteria zilizostawi, ukatia humo virusi vinavyozishambulia, kisha ukapima amoniamu kesho yake, huenda ukakuta kiwango kimepanda. Tafsiri inayokuja haraka ni kwamba virusi vimeua seli, seli zimepasuka, na nitrojeni iliyokuwa ndani imemwagika majini. Tafsiri hiyo si ya uongo, ila inaanza kisa mwishoni. Tangu kirusi kinapotoboa ukuta wa seli hadi seli inapopasuka hupita saa kadhaa, mara nyingi nane, kumi au zaidi, na muda wote huo seli haijafa. Inapokea mwanga, inatengeneza nishati, inavuta chumvi kutoka nje na kuunda asidi amino, ingawa mazao ya kazi hiyo sasa yana mwenyewe mwingine. Ninachotetea hapa ni kwamba maambukizi yahesabiwe kuwa hali ya umetaboli, yenye mapato na matumizi yake ya nitrojeni, na kwamba anayepima kilichomwagika peke yake atakosea chanzo cha nitrojeni hiyo, kiasi chake na saa yake. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi anayepanga jaribio, kwa mtaalamu anayefuatilia ubora wa maji ya ziwa, na pia kwa mkulima wa spirulina aliyeona bwawa lake likipauka bila kujua kwa nini.

Anza kwa kumjua mwenyeji, kwa sababu virusi hutumia mitambo vilivyoikuta. Sayanobakteria hupata nitrojeni kutoka kwa amoniamu, urea, naitreti na nitraiti, na baadhi yao kutoka kwa gesi ya nitrojeni iliyomo hewani. Njia zote hizo huishia mlango mmoja: amonia hubandikwa kwenye glutamati na kimeng'enya kiitwacho glutamini sintetasi, inapatikana glutamini, kisha kimeng'enya cha pili, GOGAT, huhamisha kikundi cha amino kwenda kwenye 2-oksoglutarati na kutoa glutamati mbili. Hiyo 2-oksoglutarati ni kiunzi cha kaboni kinachoipokea nitrojeni. Katika sayanobakteria wadogo wa baharini, Prochlorococcus na Synechococcus, mzunguko wa Krebs haukamiliki kama katika seli zetu, hivyo kazi kuu ya molekuli hii ni kupokea nitrojeni tu. Nitrojeni ikiadimika, viunzi hujilimbikiza bila kazi, na protini mbili, PII na NtcA, husoma mlimbikizo huo kuwa ishara ya njaa; NtcA huwasha jeni za kuvuta amoniamu, urea na naitreti. Maana yake ni kwamba seli haiihesabu nitrojeni yenyewe. Inatazama kaboni inayoisubiri. Liweke hilo akilini, kwa kuwa kirusi kinachovuruga njia za kaboni kinaweza kubadili ishara ya njaa ya nitrojeni bila kugusa kimeng'enya hata kimoja cha nitrojeni.

Kuna pia suala la gharama. Kugeuza naitreti moja kuwa amoniamu kunadai elektroni nane, na katika sayanobakteria elektroni hizo huletwa na ferredoksini inayochajiwa na mwanga. Amoniamu haidai chochote cha namna hiyo. Kwa hiyo chanzo cha nitrojeni unachoweka kwenye chupa ni sehemu ya swali lako. Ukikuza seli kwa naitreti, ukaziambukiza, kisha ukazifunika gizani ili kuona athari ya mwanga, umezima usanisinuru na upatikanaji wa nitrojeni kwa pigo moja, na hutajua kipi kimeleta tofauti. Chagua na mwenyeji kwa jicho hilohilo. Prochlorococcus aina ya MED4 hana jeni za kutumia naitreti wala nitraiti, kwa hiyo anafaa kwa maswali ya amoniamu na urea peke yake. Synechococcus WH8102 hutumia naitreti, na amechunguzwa sana. Nodularia na Anabaena hufunga nitrojeni ya hewani ndani ya seli maalumu ziitwazo heterosisti, hivyo ukiwaambukiza unauliza swali lingine kabisa: nini hutokea kwa uzi wote wa seli pale baadhi zinapovamiwa. Arthrospira, wanaouzwa kwa jina la spirulina, hawafungi nitrojeni. Naitreti ya majini ndiyo chakula chao.

Ukishamjua mwenyeji, andika bili ya kirusi. Sayanofaji, yaani virusi vya sayanobakteria, kwa sehemu kubwa ni DNA iliyofungwa katika ganda la protini, na vyote viwili vinadai nitrojeni. Hesabu ya DNA ni rahisi na inafaa uifanye mwenyewe kwa kalamu: jozi ya A na T ina atomu 7 za nitrojeni, jozi ya G na C ina 8. Jenomu ya Synechococcus WH8102 ina jozi milioni 2.4 hivi, nyingi zikiwa za G na C, kwa hiyo inabeba takriban atomu milioni 18 za nitrojeni. Sayanofaji S-SM1, anayemshambulia mwenyeji huyo, ana jozi karibu 174,000, sawa na atomu milioni 1.3. Gawanya, utaona kwamba nakala moja ya jenomu ya mwenyeji, hata ikivunjwa yote na kutumika bila kupotea, inatosha virusi kama kumi na vinne. Seli moja inaweza kutoa makumi ya virusi. Baadhi ya sayanobakteria huwa na nakala zaidi ya moja za jenomu, jambo linaloongeza akiba, lakini hata hivyo hesabu inabana. Upande wa protini mambo ni tofauti: protini za mwenyeji ndizo ghala kubwa la nitrojeni katika seli, na kwa nadharia zingetosha kulisha virusi vyote bila kuomba hata atomu moja kutoka nje. Hesabu basi inaturuhusu kufikiri njia mbili, ya kuvunja ghala na ya kuendelea kuvuta kutoka nje, na haituambii kirusi huchagua ipi. Hapo ndipo jaribio linapohitajika.

Jaribio lililojibu swali hilo vizuri zaidi lilichapishwa mwaka 2019 na timu ya Jacob Waldbauer wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walitumia jozi niliyoitaja, WH8102 na S-SM1, na ubunifu wao ulikuwa katika saa ya kuweka alama. Seli zilikuzwa kwa nitrojeni ya kawaida, na ile nitrojeni nzito, isotopu ya 15N, ikaingizwa majini baada ya maambukizi. Kwa hiyo protini yoyote iliyobeba 15N ilikuwa na nitrojeni iliyoingia kwenye seli ikiwa tayari imevamiwa, na protini isiyokuwa nayo ilijengwa kwa akiba ya zamani. Walipopima protini za virusi vipya kwa spektromita ya masi, walikuta hadi asilimia 41 ya nitrojeni yake imetoka nje baada ya maambukizi. Protini za mwenyeji, kwa upande mwingine, zilikuwa karibu hazina alama kabisa. Tena uwiano ulibadilika na wakati: protini za virusi zilizotengenezwa mwanzoni zilitegemea zaidi akiba ya mwenyeji, na za baadaye zikaegemea zaidi nitrojeni ya majini. Soma matokeo hayo taratibu. Yanasema seli iliyovamiwa inavuta nitrojeni, inaunda asidi amino mpya, na inazielekeza karibu zote kwa kirusi. Aliyeiba gari bado hupita kituo cha mafuta.

Msomaji makini atapinga hapa. Sayanofaji hujulikana kwa kuzima usomaji wa jeni za mwenyeji na kuvunja DNA yake. Seli isiyoweza kutengeneza vimeng'enya vyake itavutaje nitrojeni kwa saa nane? Jibu ni kwamba kuzima jeni hakufuti protini zilizokwishatengenezwa. Visafirishaji vya utandoni, glutamini sintetasi na GOGAT vilikuwepo kabla ya uvamizi, na kwa muda mfupi kama huo vinaweza kubaki vikifanya kazi bila kuhitaji kujengwa upya. Protini inayochakaa upesi ni D1, kiini cha mfumo wa pili wa usanisinuru, ambayo mwanga huiharibu na seli huibadilisha mara kwa mara. Na angalia virusi vinabeba nini: mwaka 2003 watafiti walitangaza kukuta psbA, jeni ya D1, ndani ya jenomu ya sayanofaji S-PM2, na tangu hapo imeonekana katika sayanofaji wengi wa baharini. Timu ya Waldbauer nayo ilikuta D1 na mwenzake D2 zikitengenezwa upya wakati wa maambukizi, kwa namna iliyoonekana kutegemea mwanga. Kirusi hakikupakia jeni za mitambo yote. Kilipakia za kipuri kinachokatika kwanza. Timu hiyo iliona pia kundi dogo la protini za mwenyeji zinazoendelea kutengenezwa wakati wa maambukizi, na nyingi kati yake zinafanana na zile ambazo S-SM1 au virusi vingine hubeba jeni zake. Uzimaji huo, kwa hiyo, una ubaguzi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wasomaji wa jenomu. Sayanofaji hubeba jeni za usanisinuru, jeni za kuvuta fosfeti kama pstS, na jeni za kupinda njia za kaboni, lakini jeni za moja kwa moja za kuvuta na kuunganisha nitrojeni ni adimu kwao. Je, hilo halionyeshi kwamba nitrojeni haiwasumbui? Naona hitimisho hilo linaruka hatua. Kirusi hubeba jeni pale ambapo mwenyeji atakwama kabla kazi haijaisha, na kubeba jeni kuna gharama, kwa sababu ganda lina nafasi yake. Fosforasi ya seli imekaa zaidi kwenye asidi nukleiki na utando. Virusi vina fosforasi nyingi kwa uzito wake kuliko mwenyeji, na ghala la kuvunja ni dogo. Nitrojeni ina ghala kubwa la protini la kuanzia, na ina vimeng'enya imara vya kuendelea nao. Kwa hiyo uadimu wa jeni za nitrojeni unaweza kumaanisha kwamba mwenyeji tayari anaifanya kazi hiyo vya kutosha. Kuna tena njia ya pembeni niliyoitaja awali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba sayanofaji hubeba jeni ya CP12, protini inayozuia mzunguko wa Calvin, pamoja na talC inayosukuma kaboni kwenye njia ya pentosi, ambako hupatikana nguvu ya kupunguza ya NADPH na malighafi ya DNA. Sayanofaji wengi pia wana vimeng'enya vya kundi linalotumia 2-oksoglutarati. Ukikumbuka kwamba molekuli hiyo ndiyo ishara ya njaa ya nitrojeni, utaona kwa nini watafiti wanashuku kwamba virusi hivi vinacheza na usukani wa nitrojeni vikipitia kaboni. Bado ni shuku, na uiandike hivyo katika ripoti yako.

Hata hivyo, kuna jeni moja ya virusi inayogusa nitrojeni waziwazi, nayo inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Sayanobakteria wengi hukusanya mwanga kwa minara ya protini za rangi iitwayo fikobilisomu, ambayo katika baadhi ya seli inaweza kufikia karibu nusu ya protini yote inayoyeyuka. Seli ikikosa nitrojeni, hutengeneza protini ndogo, NblA, inayoielekeza minara hiyo kwenye vimeng'enya vya kuivunja. Seli hupauka kutoka kijani-buluu hadi njano, na asidi amino zinazopatikana hutumika kuokoa maisha. Sasa, jenomu ya Ma-LMM01, kirusi cha sayanobakteria Microcystis kilichopatikana Ziwa Mikata nchini Japani na kusomwa mwaka 2008, ina nblA yake yenyewe. PaV-LD, kirusi cha sayanobakteria wenye umbo la uzi kutoka maji baridi ya China, nacho kinayo, na jeni hiyo ilipowekwa ndani ya sayanobakteria mwingine, Synechocystis, kiasi cha rangi ya fikosianini kilishuka. Baadaye ikaonekana pia katika virusi vya baharini ambavyo bado havijakuzwa maabara, na ikathibitishwa kwamba inafanya kazi. Yaani kirusi kinaweza kuamrisha chakula cha njaa kiliwe wakati seli haina njaa. Wapo wanaosema kazi yake ni kupunguza mwanga unaoingia ili seli isiungue kabla virusi havijakomaa, na wapo wanaosema ni kupata asidi amino. Sioni haja ya kuchagua kabla ya kipimo, kwa kuwa tendo moja linaweza kuleta faida zote mbili. Jaribio la kuanza kutenganisha limo ndani ya uwezo wa maabara nyingi: ambukiza seli zenye alama ya 15N katika protini zake tangu awali, zihamishie kwenye maji yenye nitrojeni ya kawaida, na uangalie kama alama hiyo inaonekana kwenye protini za virusi huku fikosianini ikipungua. Ikionekana, huenda minara imeliwa, ingawa alama inaweza pia kutoka kwenye protini nyingine za mwenyeji. Isipoonekana, minara imevunjwa kwa sababu nyingine.

Hiyo inatufikisha kwenye upangaji wa jaribio lenyewe, na hapa makosa ya kawaida ni ya kiutendaji kuliko ya kinadharia. La kwanza ni idadi ya seli zilizoambukizwa kweli. Ukiweka kirusi kimoja kwa kila seli, kwa bahati nasibu seli 63 tu kati ya 100 zitapata angalau kirusi kimoja, na zilizobaki zitaendelea kuvuta nitrojeni kwa maisha yao ya kawaida, wewe ukidhani ni kazi ya maambukizi. Ukiweka vitatu kwa kila seli, utafikia 95. Lakini hesabu hiyo inavihusu virusi vilivyoshika seli, si vilivyomiminwa chupani, na sayanofaji kadhaa hushika vibaya gizani. Pima virusi vilivyobaki huru baada ya saa moja ndipo ujue uwiano wako wa kweli. La pili ni uchafu unaoingia na virusi. Mmiminiko wa virusi unaotoka kwenye chupa ya seli zilizopasuka umejaa amonia, asidi amino na mabaki ya seli, kwa hiyo unapoambukiza unatia pia mbolea. Osha virusi kwa kuvihamishia kwenye maji mapya, na weka chupa ya kulinganishia iliyotiwa mmiminiko uleule baada ya virusi vyake kuuawa kwa mwanga wa urujuanimno. Chupa isiyotiwa kitu chochote haitoshi kuwa ya kulinganishia, hata kama ndiyo iliyozoeleka.

La tatu linahusu chujio, nalo limeharibu hesabu nyingi za mizani. Kwa desturi, kinachopita kwenye chujio la mikromita 0.2 huitwa kilichoyeyuka. Sayanofaji hupita hapo bila shida. Kwa hiyo nitrojeni hai iliyoyeyuka unayoipima baada ya seli kupasuka ina sehemu ambayo haijayeyuka hata kidogo: imefungwa ndani ya virusi, na bakteria hawawezi kuitumia mpaka virusi vivunjike. Hesabu virusi, zidisha kwa bili uliyoiandika mwanzoni, na uitoe sehemu hiyo kabla ya kutangaza kwamba maambukizi yameachia chakula kiasi fulani. La nne ni bakteria wengine. Ni vigumu kuwa na chupa ya sayanobakteria isiyo na bakteria wageni, na hao hula asidi amino zilizomwagika na kutoa amoniamu. Kama chupa yako ina wageni hao, amoniamu ya kesho yake ni kazi ya watu wawili, virusi na bakteria, na huna haki ya kumpa mmoja sifa yote. Chukua sampuli mapema na mara nyingi: kabla ya maambukizi, saa ya kwanza, kila saa mbili hadi kupasuka, na baada yake. Weka 15N katika vipindi tofauti kwa chupa tofauti, saa sifuri, saa nne, saa nane, ili uone kama uvutaji unapungua, unabaki, au unaongezeka kadiri maambukizi yanavyokomaa. Chupa moja iliyowekwa alama mwanzoni na kupimwa mwishoni inakupa jumla, na jumla huficha mabadiliko unayoyatafuta.

Usidanganywe pia na usomaji wa jeni peke yake. Katika Microcystis aliyeambukizwa na Ma-LMM01, watafiti wa Japani waliona kwamba usomaji wa jeni za mwenyeji ulibadilika kidogo sana, tofauti na picha ya kuzimwa tuliyoizoea kutoka baharini. Mtu aliyetazama RNA tu angesema mwenyeji hajaguswa, na wakati huo virusi vinajengwa ndani yake. Kinyume chake, jeni ya nitrojeni inaweza kupanda kwenye RNA na uvutaji usibadilike, kwa kuwa kimeng'enya kipo tayari kwa wingi au kimezuiwa kwa njia nyingine. RNA inakupa dhana. Mtiririko wa nitrojeni unapimwa kwa nitrojeni.

Atakuwepo atakayesema kwamba yote haya ni ya chupa za maabara, zenye chakula tele, jozi moja ya kirusi na mwenyeji, na kwamba asilimia 41 haina maana baharini. Kuhusu tarakimu, yuko sahihi, na usiichukue tarakimu hiyo kuipaka ziwa wala bahari. Mahali penye nitrojeni kidogo ni jambo la kutarajia kwamba sehemu inayotoka nje itapungua na ghala la ndani litabeba mzigo zaidi. Lakini mwelekeo unabaki: seli iliyovamiwa ni mtumiaji wa nitrojeni mpaka dakika inapopasuka, na mfano wowote wa ziwa unaoihesabu kama maiti tangu inapoambukizwa utakosea. Baada ya kupasuka, nitrojeni huingia mikononi mwa wengine. Utafiti wa mwaka 2011 ulidokeza kwamba ukuaji wa Synechococcus baharini unaweza kutegemea kupasuka kwa bakteria wengine kwa virusi, na wa mwaka 2012 ukaonyesha jinsi amoniamu inayotokana na upasukaji huo inavyokuza mimea midogo ya majini. Sayanobakteria wanaofunga nitrojeni wana uzito wa pekee katika hesabu hii. Nodularia akipasuka, anaachia nitrojeni ambayo haikuwepo majini kabla yake, jirani asiyeweza kufunga anaipata bure, na papo hapo bomba lililokuwa likiileta limefungwa. Arthrospira akipasuka, nitrojeni iliyokuwepo majini inarudi majini tu.

Na Arthrospira ndiye anayetuleta karibu na nyumbani. Katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ndiye chakula kikuu cha heroe wadogo, na akitoweka, ndege huhama. Mwaka 2014 watafiti walichapisha taarifa kutoka Ziwa Nakuru kwamba maji yake yalikuwa na virusi vingi kuliko mazingira yoyote ya asili ya majini yaliyowahi kupimwa hadi wakati huo, na kwamba maambukizi ya sayanofaji yaliambatana na kuporomoka kwa Arthrospira na kupungua sana kwa heroe. Taarifa hiyo ilihusu minyororo ya chakula; swali la nitrojeni limebaki wazi kwa anayetaka kulichukua. Ukilichukua, pima amoniamu, naitreti na virusi wakati mmoja kabla, wakati na baada ya kuporomoka, na usisahau kwamba katika maji ya magadi yenye pH kubwa sehemu nzuri ya amoniamu hugeuka amonia na kupotelea hewani, hivyo kutoiona hakumaanishi haikuachiwa. Kwenye Ghuba ya Winam na kwingineko Ziwa Victoria, ambako Microcystis hupatikana katika milipuko ya kijani, kipimo cha nyongeza ni sumu yake, mikrosistini. Mikrosistini-LR ina atomu 10 za nitrojeni katika kila molekuli, na seli ikipasuka, sumu iliyokuwa ndani inakuwa majini, ambako chujio la mchanga huenda lisiikamate. Mjini Toledo, Marekani, maji ya bomba yalipigwa marufuku Agosti 2014 kwa sababu ya sumu hiyo kutoka Ziwa Erie, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 uliona dalili za virusi vya Microcystis kuwa kazini wakati huo. Mtambo wa maji unaopima seli pekee ungeona mlipuko unapungua na kupumua kwa nafuu saa ileile hatari inapohama kutoka kwenye seli kwenda majini.

Kwa mkulima wa spirulina mambo ni mepesi zaidi, ila yana mtego mmoja. Bwawa likipauka, wengi hufikiri mara moja kuwa naitreti imekwisha, wakaongeza. Mchanganyiko wa Zarrouk, unaotumika sana, una gramu 2.5 za naitreti ya sodiamu kwa lita, kiasi kikubwa ambacho hakiishi kwa siku moja. Pima naitreti kwanza, hata kwa karatasi za rangi za bei nafuu. Ikiwa imeshuka sana, ongeza, na rangi inapaswa kurudi katika siku chache. Ikiwa bado ipo ya kutosha na nyuzi zinaendelea kupauka na kukatika, kuongeza naitreti ni kupoteza fedha, tena huenda ukavilisha virusi. Angalia kwanza mwanga mkali na joto, kisha fanya jaribio la chujio: chuja maji ya bwawa kwa chujio la mikromita 0.2, gawa kilichopita katika sehemu mbili, moja uichemshe na kuipoza, kisha mimina kila sehemu kwenye chupa yake yenye spirulina nzima kutoka kwenye akiba uliyotunza mbali na bwawa. Weka chupa ya tatu isiyotiwa kitu. Zote zikae kwenye mwanga uleule kwa siku kadhaa. Ikiwa chupa ya maji yasiyochemshwa peke yake ndiyo inayopauka, chota matone machache kutoka humo, chuja tena, utie kwenye chupa nyingine mpya: sumu itakuwa imezimuliwa na itadhoofika, virusi vitakuwa vimezaliana na vitaua kwa nguvu ileile. Ikithibitika ni virusi, mwaga bwawa, lisafishe na kulikausha juani, na anza upya kwa mbegu kutoka kwenye akiba, bila kurudisha hata lita moja ya maji ya zamani kwa ajili ya kuokoa naitreti iliyobaki humo.